Bibi Asiyelia wa Wodi ya Wanawake

Ukifika Mvumi ya Kilosa ukaulizia nyumba ya Mwamvua, utaulizwa Mwamvua yupi, maana wako wengi. Sema Mwamvua kungwi. Hapo hata mtoto anayechunga mbuzi atakuonyesha nyumba kwa mdomo bila kutoa mikono mfukoni. Ndiye aliyewacheza unyago wasichana wa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, akawacheza na binti zao, na somo lake la kwanza halikuwa la jiko wala la mume. Lilikuwa la kunyamaza. Mwali akifinywa hanung'uniki. Akiungua anapuliza kidole, basi. Na siku uchungu wa uzazi ukimshika, aume kanga, kwa sababu anayepiga kelele anamvua nguo mama yake mbele za watu.

Nyie mnaoishi mjini mnaweza kucheka. Chekeni tu. Lakini somo hilo lilimvusha Mwamvua mahali ambapo wengi wetu tungekaa chini tukashika kichwa. Watoto wake wote aliwazaa nyumbani, na jirani hakujua kitu mpaka aliposikia kichanga. Alipomzika mumewe, mzee Ashrafu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizunguka msibani kuwagawia watu chai. Na mwaka ule mto ulipopanda ukaubeba mpunga wake ukiwa umeshaanza kuinama, alisimama ukingoni, akatazama, akakaza kanga kiunoni, akaenda kuomba mbegu kwa shemeji yake. Chozi hakuna aliyeliona. Wapo waliomwita roho ngumu, wapo waliomwita mwanamke wa shoka, naye majina yote mawili aliyapenda.

Mafuriko hayohayo ndiyo yaliyomletea balaa. Alipokuwa akiingia majini kuokoa kuku wake, bati lililong'oka lilimchana muundi wa mguu wa kushoto, likafungua nyama kweli kweli. Mwamvua akafunga kitambaa, akashusha kanga, akaendelea na shughuli. Kila aliyemwona anachechemea aliambiwa ni baridi yabisi. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga nao huwa wanaongea na wanaotaka kusikia.

Aliyemuumbua hakuwa kifo, alikuwa Yusrah, bintiye wa mwisho. Yusrah ameolewa Mikumi, na pale anauza chakula kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori. Alikuja Mvumi kumsalimia mama yake siku ya Idi, akaingia ndani, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama, hii harufu ni ya nini?"

"Panya. Amefia darini."

Mwamvua akainuka kwenda jikoni, na harufu ikainuka naye. Yusrah akamfuata. "Huyo panya mbona anatembea na wewe?" akauliza, na bila kungoja jibu akainama akaipandisha kanga ya mama yake. Alichokiona kilimfanya aite gari palepale.

Mgonjwa hupelekwa alipo wa kumuuguza, kwa hiyo safari yao haikuwa ya Kilosa mjini, ilikuwa ya upande wa Mikumi, kwenye hospitali ndogo iitwayo Tupendane. Huko daktari alimlaza Mwamvua usingizi wa dawa, akakata nyama yote iliyooza. Alipozinduka, daktari alimweleza bila kuzunguka. Mguu umenusurika kukatwa, kwa sasa. Kidonda kitasafishwa na kufungwa kila asubuhi mpaka nyama mpya ijae. Kikichezewa kidogo tu, wataongea mambo mengine. Mwamvua hakuuliza mambo mengine ni yapi, maana kitanda cha pembeni alilala mama mmoja aliyekwisha kuyaongea, na shuka lake lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa.

Basi asubuhi ya kwanza ikaja, na Anastazia akaja nayo.

Anastazia alikuwa nesi wa vidonda. Dada mrefu, safi, gauni limepigwa pasi mpaka kola, na mwendo wa mtu ambaye ana wagonjwa wengi kuliko mikono. Hakuwa mtukanaji. Hakuomba chochote kwa mtu. Hayo nayasema mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za shetani. Lakini kitambaa cha kidonda kikilala usiku kucha hukauka na kugandana na nyama, na Anastazia alikuwa haloweshi. Alikuwa anashika pembe, anahesabu kimoyomoyo, anavuta. Chwaa! Na nyama mbichi iliyoota usiku inaondoka na kitambaa. "Haraka ndiyo huruma," ndivyo alivyokuwa akisema. Vidonge vya maumivu vilikuja baadaye, wakati wa chakula cha mchana, sawa na kumpa mtu mwavuli akishafika nyumbani amelowa chepechepe.

Mimi jambo hili linanichoma, sifichi. Mtu ameshaumia huko alikoumia, amekuja kwenu akiwa hana pa kwenda, halafu mnamwumiza upya kila kunapokucha na mnaiita huruma.

Mwamvua alivutwa kitambaa asubuhi ile, akafanya kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha. Macho yakaenda darini, mbali na mguu, kwa maana uchungu hautazamwi usoni. Mkono wa kulia ukabana paja. Pumzi zikapita puani taratibu. Hakutoa hata mguno. Anastazia akainua uso, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Hongera sana, bibi. Jamani, mmeona? Mgonjwa ndiye huyu. Bibi mtu mzima, na kidonda chote hiki, katulia tuli. Wengine humu mjifunze."

Na Mwamvua, Mungu anamwona, alifurahi. Alivimba kichwa kabisa. Yusrah alipokuja na uji alisimuliwa sifa hizo mwanzo mpaka mwisho, na Mwamvua aliongezea kidogo.

Kitanda cha upande wa dirishani alikuwepo binti wa Magole anayeitwa Joyce. Alikuwa akikaanga mihogo ya kuuza pale barabarani, sufuria ya mafuta ikapinduka, ikamuunguza mkono wa kulia kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Ameolewa, ana mtoto mchanga aliyeachwa kwa bibi yake, na mkono ule ndio uliokuwa unalisha nyumba. Daktari alikuwa amemwonya kwamba vidole visiposafishwa na kunyooshwa kila siku vitashikana, na vikishikana havitaachana tena.

Joyce alikuwa analia. Toroli ya Anastazia ikianza tu kusikika koridoni, machozi yalitangulia. Akiguswa, alipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akasikia.

"Jikaze kisabuni," Anastazia alimwambia siku moja, akiwa ameushika mkono. "Mtazame bibi wa watu. Kidonda chake ni mara mbili ya chako, umemsikia? Wewe binti mbichi unadeka. Tulia nikuhudumie."

Wanawake wawili watatu wakacheka. Mwamvua naye akatikisa kichwa kidogo, kama anavyowatikisia wasichana wake wa unyago wakishindwa.

Toroli ilipoondoka, Joyce alifuta uso kwa mkono mzima, akamgeukia. "Bibi, naomba kukuuliza."

"Uliza, mjukuu wangu."

"Akikivuta kile kitambaa, huumwi?"

"Naumwa."

"Sana?"

Hilo Mwamvua alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu.

"Kama unaumwa," Joyce akasema, "mbona unafanya mimi nionekane mwongo?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa kuchoka, kisha akageukia ukutani. Lakini neno lile lilimkaa Mwamvua kooni kama mwiba wa perege, likawa haliendi chini wala halirudi juu. Chakula cha mchana Yusrah alikikuta kama alivyokiacha. Mwamvua alikuwa ameanza kuwatazama wenzake wodini, mmoja mmoja, na akaona kitu ambacho sifa zilikuwa zimemzibia. Kila toroli ilipomfikia mtu, mtu huyo alimtazama kwanza yeye, Mwamvua, halafu akauma shuka. Walikuwa wanaona haya kwa ajili yake. Na yule mwenye shuka lililolala bapa, mama Magreti, alikuwa ameshaanza kusema kidonda chake hakihitaji kusafishwa leo, labda kesho.

Nimewaambia Mwamvua ni mwanamke wa shoka. Mtu wa namna hiyo akishajua kuna kisiki njiani, halali. Anastazia alipokuja na vidonge mchana mmoja, Mwamvua alimshika mkono.

"Mwanangu, nina neno. Kile kitambaa ukikivuta kikavu kinauma, tena kinauma vibaya. Kiloweshe kwanza kwa yale maji yako ya chumvi. Na hivi vidonge tupe kabla hujaanza, siyo sasa."

Anastazia akacheka, cheko zuri tu, la upendo. "Bibi, nawe una maneno. Wewe ndiye huna shida hata chembe. Sema umetumwa na Joyce." Akampiga piga begani, akaenda zake.

Mwamvua akasema moyoni, haya, tupande juu. Asubuhi iliyofuata metroni Devota alipita kukagua wodi. Metroni huyo alikuwa mama wa makamo, mtu wa haki, asiyependa umbea wala uonevu. Alimwamkia Mwamvua kwa heshima zote, "Shikamoo, bibi," na Mwamvua akaitikia, "Marahaba," kisha akamweleza yote, habari ya kitambaa na habari ya vidonge, bila kupunguza. Metroni akasikiliza. Akamwita Anastazia, akamuuliza. Anastazia akashangaa kwa dhati.

"Metroni, bibi huyu mwenyewe ndiye anayetulia kuliko wote. Hata wewe umemwona."

Ni kweli, metroni alikuwa amemwona. "Bibi," alisema kwa upole, "majuzi nilisimama hapa hapa ukisafishwa. Hukushtuka hata kope. Kama ni maumivu ya kiasi hicho unachosema, mtu angelia." Akawageukia wengine. "Kuna mwingine mwenye malalamiko?"

Nani aseme? Kesho watakuwa mikononi mwa Anastazia yuleyule, mguu mkononi na mkono mkononi. Joyce peke yake alifungua mdomo, lakini Joyce alikuwa ameshajulikana kwa kulia, na anayelia kila siku hasikilizwi siku yoyote. Mama Magreti alijifunika shuka mpaka kichwani, na kutoka humo chini akasema kwa sauti ya mtu anayeota, "Kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake." Metroni hakujua ni nani aliyesema.

Hapo Mwamvua akaelewa alichojifanyia. Uso wake mwenyewe ndio uliosimama shahidi dhidi yake, na ushahidi ulikuwa mzuri, maana aliutengeneza maisha yake yote. Aliona aibu, na baada ya aibu akapandwa na hasira, na hasira ile nusu yake ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akakata shauri. Kama hawa watu wanaamini kilio tu, watapata kilio.

Yusrah alipoingia na chupa ya chai, alimkuta mama yake ameketi wima.

"Yusrah, watu wanaliaje?"

Yusrah akaweka chupa chini, akamgusa paji la uso kama lina homa. "Mama, kulia hakufundishwi."

"Kutolia kunafundishwa. Nimekufundisha mwenyewe. Kwa nini hiki kisifundishike? Unaanzia wapi, tumboni au kooni?"

"Mama, sijui. Kinakuja chenyewe."

"Kwangu hakiji. Hebu lia nikuone."

Yusrah akaanza kucheka, akajaribu kulia, akacheka zaidi, na Mwamvua akamwambia kuwa amezaa mtoto asiye na faida. Lakini hakuwa anatania. Toroli ilipokuja tena alijaribu kwa moyo wote. Alifungua mdomo mapema, akauacha wazi. Kitambaa kikavutwa, na mdomo ukajifunga wenyewe, tap! Macho yakakimbilia darini bila kuulizwa. Pumzi zikapita puani. Anastazia akasema, "Safi kabisa, bibi," na Mwamvua akatamani kumtupia kopo.

Siku hiyo Joyce aliuficha mkono kwapani, akasema hasafishwi. Alibembelezwa, akagombezwa, akaambiwa vidole vitashikana. Akasema vishikane. Jana yake pia alikuwa amekataa, na daktari aliyepita mchana alitikisa kichwa na kusema mkono huo hauna muda wa kuchezea. Alipoondoka daktari, Joyce akaomba simu ya jirani, akampigia mumewe, na wodi nzima ikasikia. Njoo unichukue. Kuna mzee kule Magole anatibu moto kwa dawa ya majani na manyoya ya sungura. Heri huko.

Mumewe, kijana aitwaye Evance, alifika asubuhi na pikipiki yake, hajapiga hata mswaki. Alisimama katikati ya wodi akiwa na mfuko mkubwa wa nguo, hajui aanzie wapi. Mwamvua akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, huo mkono unaupeleka wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Na ukishafika nyumbani utakuwa mkono?"

Evance akatazama viatu vyake. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi siyo mjinga, bibi. Najua. Lakini mke wangu amenipigia analia, anasema heri awe na kidole kimoja kuliko ile toroli imkute tena hapa. Mimi nimfanyeje? Nimfunge kamba?"

Ndiyo hapo Mwamvua alipoona kwamba hakuna kesho ya kujifunzia kulia. Pikipiki iko nje. Mkono wa binti unakwenda kwenye manyoya ya sungura, na unakwenda kwa sababu bibi mmoja wa Mvumi hajui kufungua mdomo.

"Nipe asubuhi hii tu," alisema. "Wakimaliza kunisafisha mimi, kama bado mnataka kuondoka, ondokeni na radhi zangu." Akamgeukia Yusrah. "Nenda kamwambie metroni namhitaji hapa, miguuni pangu, kabla toroli haijafika. Mwambie asiponiona leo, hataniona tena."

Metroni Devota alikuja, na alikuja amenuna kidogo, kwa kuwa ana kazi na jambo hili alishalisikia. Anastazia naye akaja na toroli yake. Joyce alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, viatu tayari miguuni.

Sasa sikieni alivyofanya. Alikuwa ametafakari jinsi kile kimya kinavyoanza, kama fundi anayefumua mshono wake mwenyewe. Kinaanzia machoni. Macho yakienda darini, vingine vyote vinafuata. Basi akamwambia Yusrah amwinue, amwekee mto mgongoni, akakaa akiutazama mguu wake. Alikuwa hajawahi kukitazama kidonda chake, hata mara moja. Mkono wa kulia uliotaka kubana paja akaukabidhi kwa Yusrah. "Shika huu. Usiuachie."

"Bibi, leo unataka kuangalia sinema?" Anastazia alimtania.

"Leo nataka nikueleze. Wewe fanya kama siku zote."

Anastazia akashika pembe ya kitambaa.

"Umeshika pembe," Mwamvua akasema kwa sauti. "Hapo tu pameshaanza kuchoma. Sasa unavuta. Hapo unanichuna. Hapo ni nyama yangu hiyo, mwanangu, siyo kitambaa. Hapo..."

Na hapo sauti ikakatika, na kilio kikaja. Hakikuwa cha kuigiza. Kilitoka chini kabisa, kikampasua kifua kikipita, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto asiye na meno Mwamvua aliita mama. "Mama wee! Mama yangu, nakufa!" Wanaofua nguo nje ya wodi waliacha mikono majini. Mkono wa Anastazia ukasimama kitambaa kikiwa nusu, lakini kilio hakikusimama. Alililia mguu, kisha akawa analilia yote, mpunga ulioondoka na maji, mzee Ashrafu na zile birika za chai, kila mtoto aliyemzaa huku ameuma kanga. Alikuwa na huzuni nyingi kuliko alivyojua, masikini, na yote ilikuwa inasubiri mlango. Yusrah alimshika, naye akilia, maana hakuwahi kumwona mama yake hivi, na aliogopa.

Metroni ndiye aliyepata sauti kwanza. "Acha, Anastazia. Usiguse tena."

Anastazia alikuwa amepauka midomo. Alitazama kile kitambaa, akaona, kweli kweli akaona, kilichokuwa kimeshikamana nacho. "Bibi, leo imekuwaje? Mbona siku zote..."

"Siku zote ni hivihivi," Mwamvua akasema alipoweza kusema. "Nilikuwa nameza."

"Ungeniambia, bibi."

"Nilikuambia. Ukacheka."

Anastazia akajaribu kujieleza. "Mimi nilifundishwa hivi kazini. Dada aliyenifundisha alisema ukivuta haraka mgonjwa anaumia mara moja tu. Nami nikakuona wewe, nikasema kumbe inawezekana."

Mwamvua alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Mtu mwingine angeishia hapo. Ameshashinda, metroni ameona, nesi ameshalegea, basi yaishe. Lakini Mwamvua hakulia yote yale ili ahurumiwe yeye.

"Kukosea umekosea, nami nimekusaidia kukosea. Hilo nalichukua, ni langu," alisema. "Lakini nieleze jambo moja, mwanangu, maana sijalielewa. Mimi hukuniamini kwa sababu silii. Joyce hukumwamini kwa sababu analia. Sasa mgonjwa afanyeje ndipo umwamini?"

Hakuna aliyecheka. Metroni Devota alitazama sakafu, kwa kuwa swali lile lilikuwa lake pia, na alilijua. Kisha mama Magreti akajifunua shuka usoni mbele ya watu wote. "Na mimi inaniuma," akasema. Yule wa kona ya mlango akasema na yeye. Wakasema mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za kawaida, kama watu wanaoitikia majina yao.

Metroni akafanya kilichopaswa kufanyika tangu mwanzo. Akaagiza vidonge vije sasa hivi, kwa kila mwenye kidonda, na toroli isiguse mtu mpaka dawa imwingie mwilini. Akaagiza maji ya chumvi yaletwe chupa nzima, wala siyo kijiko. Akasema kuanzia leo utaratibu ni huo, awe zamu nani, na yeye mwenyewe atapita kila asubuhi mpaka aridhike. Akavaa glovu, akaketi miguuni pa Mwamvua pamoja na Anastazia, wakamwagia kitambaa maji, wakangoja. Kungoja kulikuwa kurefu na kulimchosha kila mtu. Lakini kitambaa kilipoinuliwa kilikuja chenyewe, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, nzima, imebaki mahali pake.

"Inauma?" Anastazia akauliza.

Mwamvua alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka kujibu kweli. "Inauma kidogo. Endelea."

Evance alikuwa bado amesimama na mfuko wake. Joyce hakuvua viatu. Aliyatazama yote, uso umekaza, kama mtu anayesikiliza ahadi ambayo ameshaisikia kwa watu wengine. Anastazia akasukuma toroli mpaka kwake, akaiacha mbali kidogo, akavuta kiti, akakaa akawa chini kuliko yeye.

"Joyce," alisema. "Nimekuita mwenye kudeka, na hukuwa unadeka. Nisamehe. Sitakushika mpaka uniambie. Ukisema simama, nasimama, hata kama nimebakiza kipande kidogo."

Joyce akamtazama mumewe, kisha akamtazama Mwamvua, ambaye macho yalikuwa yamevimba na hakujali nani anayaona. Akautoa mkono kwapani, taratibu, akauweka juu ya kitambaa safi. Anastazia akamwaga maji. Wakangoja tena. Kisha akaishika pembe kwa ncha za vidole na kuanza kuiinua, kidogo kidogo, na machozi yakaanza kumtiririka Joyce, na hakuna aliyemwambia ajikaze.

"Simama," Joyce akasema.

Anastazia akasimama.

Joyce akavuta pumzi, akangoja mpaka alipokuwa tayari yeye mwenyewe. "Haya," akasema, "endelea."